Sifa za Mgeni Asiyebisha Hodi

Taa ya mlangoni ikiwashwa jioni huko Rongo, mgeni mmoja hutua ukutani akatulia tuli kama kipande cha ganda la mti. Ana rangi ya vumbi, na kwa urefu hafikii hata pingili ya kidole gumba. Watu humpita bila salamu. Utovu wa adabu ulioje! Huyo ni nondo wa viwavijeshi vamizi.

Kwao ni bara la Amerika. Afrika aliripotiwa mwaka 2016, upande wa magharibi. Kufikia Machi 2017 alikuwa keshaingia mashamba ya magharibi mwa Kenya. Hakuwa na pasipoti wala nauli. Huweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja, wakati matatu ya Migori kwenda Homa Bay bado inangoja kujaza.

Urembo anao, kwa mwenye kutazama. Dume ana baka jeupe kwenye ncha ya kila bawa la mbele. Jike amevaa kijivu kisicho na pambo, kama mama aliyeamua pesa zote ziishie kwa watoto. Na watoto ni wengi kweli: hutaga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja kwenye jani la mhindi, kisha mara nyingi huyafunika kwa magamba ya mwili wake mwenyewe. Blanketi gani lingine kama hilo?

Wanawe wana chapa ya ukoo: Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Mkulima akifunua moyo wa mhindi asubuhi, hukuta majani yametoboka na kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Ugomvi wa urithi hawana, kwani wakibanana, mkubwa humla mdogo. Ndiyo maana mara nyingi moyo mmoja huwa na bwana mmoja tu.

Wakulima wengine humkaribisha bwana huyo kwa konzi ya majivu au mchanga. Watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe kule Mbita, Homa Bay, wana mapokezi yao: mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kumfukuza nondo, na nyasi kando ya shamba ili kumvuta. Mfumo huo uliundwa kwa ajili ya viwavi watoboa mabua, miaka mingi kabla mgeni hajafika.

Saa nne taa ya Rongo huzimwa. Ukutani hapana mtu. Amekwenda shambani, kwenye mahindi ya wiki tatu.