Kanzu Nyeupe Ukweni

Kanzu imefuliwa mara tatu, na bado ina ramani ya udongo mwekundu pale pale kwenye makalio. Dobi wa Ngamiani, Tanga, ameirudisha bila kudai hela, akamuuliza mwenyewe kwa upole kama siku hiyo alikuwa anachimba kaburi.

Alikuwa ukweni. Jumamosi mchana, kwenye kijiji kimoja huko juu Amani, mbele ya mama mkwe, shemeji wanne na kuku, mwana wa Tanga mjini aliserereka kwa makalio kwenye ngazi za udongo mpaka mlangoni, kapu la nguru amelinyanyua juu ya kichwa lisichafuke. Ndala moja ilipotelea ngazi ya kwanza. Ya pili ilimtangulia kubisha hodi. Mama mkwe akasema, "Karibu baba, pole," akazama jikoni na upindo wa kanga mdomoni. Jikoni kukawa kimya, kile kimya cha watu wanaojibana mbavu. Aliyeharibu ni shemeji mdogo: "Mbona hakuja na miguu?"

Jioni nzima, akiota moto, alikuwa na swali moja. Muheza asubuhi aliacha vumbi na machungwa. Utelezi huu umetoka wapi? Umetoka kwao, baharini. Upepo wa bahari hukata nchi tambarare bila shida mpaka ugonge Usambara Mashariki, kama kilomita 40 tu kutoka pwani, na hapo hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, ikipoa hushindwa kubeba mvuke wake, ikautoa kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Ukungu unakaa juu ya msitu na majani yanadondosha maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Amani, mita kama 900 juu ya bahari, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wala haingoji masika na vuli. Wajerumani, waliofungua kituo chao cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, walileta miti ya kila pembe ya dunia kuijaribu. Ndala hawakuzijaribu.

Maji hayo hushuka mto Zigi, yakaingia bwawa la Mabayani, yakaishia mabombani Tanga. Yaani yaliyomwangusha Jumamosi ndiyo aliyofulia kanzu Jumatatu, tena kwa bili.

Hapo utani ukamwisha. Mama mkwe anaishi yanakotoka, na huyateka bondeni kwa ndoo, kichwani, akipanda ngazi zile zile. Miaka ya 2000, mashamba ya iliki ya ukanda wa Derema, huko huko milimani, yalipogeuzwa hifadhi, la baba mkwe lilikuwemo. Alilipwa fidia ya mashina. Iliki huvunwa kila mwaka. Fidia alivuna mara moja. Mjini watu huhimizwa kutunza vyanzo vya maji, na wanaovitunza kweli wamejitwisha ndoo.

Usiku ule wa Jumamosi, kwa baridi, alijifunika taulo, kanga mbili, mwishowe gunia.



Jumapili alichuma ua la zambarau mwambani ampelekee mkewe, shemeji mdogo akamgombeza kwamba hilo halichumwi. Ndilo lile ambalo afisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao Ujerumani mwaka 1892, leo limejaa kwenye vyungu vya madirisha ya Ulaya.

Jana mama mkwe alipiga simu. Ndala imeonekana, na ngazi ile watoto wanaiita Stendi ya Tanga.