Mheshimiwa, usiuguse uhaba wa wahandisi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUENDELEZA UHABA WA WAHANDISI

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mheshimiwa, mimi nina stesheneri hapa Bigwa, Morogoro, mji kasoro bahari. Natoa nakala, napiga picha za paspoti, nauza bahasha za kaki, na asiye na bando namjazia maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Huo uhaba wa wahandisi unaolalamikiwa kila kwenye kongamano, nakuomba usiuguse. Ndio unaonisomeshea watoto.

Wateja wangu wakubwa ni wahandisi. Wapo wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, na wa kilimo waliosoma chuo kikuu cha SUA hapahapa Morogoro. Kila tangazo likitoka wanakuja na vyeti vilevile, natoa nakala zilezile, wanakwenda kwa wakili kugongewa muhuri, mimi nahesabu noti. Wangekuwa adimu kweli, ningeshafunga duka nikarudi kulima.

Awali nilijiuliza kama uchumi umenipita kando, nikaenda kuuliza Soko Kuu la Chifu Kingalu. Karoti za Mgeta zikiadimika, bei inapanda asubuhi hiyohiyo, na mchuuzi anazifuata shambani kwa bodaboda, hata zikiwa na matope. Mhandisi anayesemwa ameadimika anaitwa kujitolea kwa nauli, mkataba wa miezi mitatu, na kompyuta aje nayo mwenyewe. Wauza karoti wamecheka sana.

Siri niliikuta kwenye matangazo yenyewe, maana mimi ndiye ninayeyachapa. Yanataka mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bodi, kwa haki kabisa, inamtaka kwanza awe amefanya kazi si chini ya miaka mitatu. Na kazi ya kumpa hiyo miaka mitatu inamtaka aliyekwisha kuwa nayo! Ni kweli mpango wa mafunzo wa SEAP ulianzishwa mwaka 2003 ili kuwavusha wahitimu hapo, na umewavusha wengi. Ila unahitaji mwajiri wa kumpokea kijana na mhandisi mkubwa wa kumsimamia, na hapo ndipo wengi wa wanaolia uhaba hupigiwa simu ya dharura wakatoka nje. Kila mmoja anamtaka aliyekwisha kufundishwa. Kufundisha ni kazi ya mwingine.

Miradi mikubwa nayo tuliitarajia. Reli ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kujengwa na Yapi Merkezi ya Uturuki mwaka 2017, abiria wakapanda Juni 2024. Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 walipewa Arab Contractors na Elsewedy za Misri, Desemba 2018. Vijana wetu wamo walioshika kazi humo na kujifunza. Lakini mradi una mwisho, na ukiisha, ujuzi uleule uliotafutwa kwa tochi unarudi dukani kwangu kuongeza mstari mmoja kwenye CV.

Halafu kuna Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayomtaka mwajiri wa mgeni aonyeshe atakavyomwandaa Mtanzania kurithi nafasi. Sasa, uhaba ukidumu, haraka ya kumwandaa huyo mrithi inatoka wapi?

Sitaki kuidanganya serikali kwa maandishi. Upungufu wa kweli upo. Wataalamu wenyewe husema mhandisi mmoja afuatane na mafundi sanifu watano na mafundi stadi ishirini na watano, nasi tumepeleka watoto wote wakatafute digrii. Na treni ya umeme haifundishwi ubaoni ikaeleweka. Upungufu wa namna hiyo unatajika: fani gani, watu wangapi, wapi. Ule wa kwenye makongamano hautajiki, wala hauna mshahara.

Kazi yenyewe imejaa tele. Simama mlangoni kwangu utazame juu: nyumba zimening'inia kwenye miteremko ya Uluguru bila mitaro, na masika ikikolea udongo unashuka kutusalimia. Barabara ya kutoka hapa kwenda Matombo, Mvuha hadi Kisaki tumeahidiwa lami miaka na miaka. Pa kumtuma mhandisi hapakosekani, lililoadimika ni fungu la kumlipa.

Basi, Mheshimiwa, kama ni lazima uuguse uhaba wangu, fanya hivi. Atakayekuja ofisini kwako kulia kwamba wahandisi hakuna, mwambie aache tangazo lenye mshahara ulioandikwa kwa tarakimu, na nyuma yake aandike wahitimu wangapi aliwapokea mwaka jana kuwafundisha. Tangazo hilo nitumie nilibandike mlangoni. Kubandika ni bure.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye stesheneri, Bigwa.

Nakala: Waajiri wote wanaolia.