Namna ya Kuunguza Prosesa Bila Kupoteza Heshima

Karibu, mangi wangu, vuta kigoda. Nimesikia umenunua vipande, ukaviunganisha mwenyewe sebuleni, ukapiga picha, na sasa ukoo mzima unajua kwamba kompyuta hii hukuikuta dukani kama watu wa kawaida. Hongera. Nimesikia pia kwamba inajizima kila baada ya dakika kumi, na ubavu wake una joto la kikaango cha chapati. Usihuzunike. Mji wenyewe unaitwa Moshi. Ulitarajia nini?

Wapo watakaokufundisha kuiponya. Hiyo ni kazi ndogo: bisibisi, kitambaa safi, nusu saa. Mimi nakufundisha kazi ya watu wazima, yaani kushindwa mbele ya macho ya watu huku kofia imekaa sawasawa kichwani.

Hatua ya 1: Prosesa ya majivuno, kipozeo cha huruma

Prosesa ina jina. Kipozeo hakina. Sijawahi kumsikia mtu akisimama kwenye kikao cha ukoo kutangaza kwamba ana kipozeo kizuri. Kwa hiyo fedha yote mwaga kwenye prosesa. Kama ni ya mtumba, tuseme Core i7-2600 ya mwaka 2011, tamka ile saba kwa sauti ya kengele ya kanisa. Habari ya wati 95 inyamazie. Hizo zinakaribia balbu ya zamani ya wati 100, ile ya kulelea vifaranga, ila hapa joto lote linatoka kwenye kipande cha silikoni cha sentimita mbili za mraba hivi. Tazama ukucha wa dole gumba lako: ndio huo.

Kisha omba kipozeo chochote kilichobaki kwa muuzaji, hata kama kimetoka kwenye mashine ya ofisi iliyokuwa ikiandika barua tu. Kimeingia? Basi kimetosha. Kibo na Mawenzi nao ukiwatazama kutoka mbali ni mlima mmoja. Ile tofauti ya mita 746 waachie wanaopanda.

Hatua ya 2: Nailoni usiiguse

Chini ya kipozeo kipya utakuta karatasi ya plastiki yenye maandishi ya Kiingereza yanayokuomba uibandue kabla ya kufunga. Mwandishi wake hakukulia kwetu. Sisi tunaacha nailoni kwenye makochi mpaka mtoto wa kwanza aingie sekondari. Rimoti yetu imevaa mfuko tangu siku iliponunuliwa. Kipozeo kikae uchi kwa kosa gani?

Iache. Plastiki itaziba njia ya joto kwa uaminifu mkubwa, na prosesa itakaribia nyuzijoto 100 kabla hujamaliza kuandika nywila. Uzuri wake ni kwamba ukishakifunga kipozeo, nailoni haionekani tena. Na kosa lisiloonekana lina mwenyewe mmoja tu, naye hasemi.

Hatua ya 3: Paka kwa ukarimu

Uso wa prosesa na uso wa kipozeo unaviona laini kama kioo, lakini vina mabonde madogo ambayo jicho haliyaoni. Hewa hujificha humo, na hewa ni mchukuzi mvivu wa joto: shaba inaishinda zaidi ya mara 10,000. Pesti imewekwa ili kuifukuza hewa hiyo, basi. Mafundi wachoyo huweka tone la ukubwa wa njegere katikati, kisha wanauacha mgandamizo wa kipozeo ulisambaze.

Njegere moja? Wewe ni mtu wa Kilimanjaro. Mgeni kwako hapewi mtori wa kijiko kimoja. Mimina mpaka ifurike kandoni na kuteremka kwenye mazabodi. Tabaka nene litageuka blanketi, na prosesa italala fofofo.

Pesti ikikuishia, chukua dawa ya meno. Sikutanii: siku za mwanzo inafanya kazi vizuri kweli, kwa kuwa imelowa na inajaza mabonde. Baadaye maji hukauka, ukabaki na chokaa inayonukia minti. Lakini siku hizo chache zinakutosha kuwaita majirani.

Hatua ya 4: Funga kwa haraka, ukiwa umesimama

Kipozeo chenye miguu minne ya plastiki hubonyezwa kwa mshazari, mguu huu kisha ule wa kona ya mbali, kila mmoja mpaka ulie "ka!" Halafu mtu hupindua mazabodi na kuhakikisha ncha zote nne zimetokeza nyuma. Huyo hana shughuli nyingine. Wewe bonyeza mitatu. Wa nne ukigoma, mwambie atazoea.

Kama ni cha skrubu, kaza ya kwanza mpaka mwisho ndipo uikumbuke ya pili. Usizungushe kidogo kidogo kwa msalaba, kama wanavyofunga nati za gurudumu. Ukifuata ushauri wangu, kipozeo kitainama kama mzee anayetoka kilabuni baada ya kata ya tatu ya mbege: bega moja limeilalia prosesa, jingine linatazama Arusha.

Hatua ya 5: Upepo ni wa Mungu

Feni ina mbele na nyuma. Upande wenye vijiti vinavyoshikilia mota ndiko upepo unakotokea. Ukishajua hilo, lisahau. Mwenye akili huingiza hewa kwa mbele na kuitoa kwa nyuma. Wewe zigeuze zote zivute ndani kutoka kila upande, hewa ya moto ibaki humo ikizunguka kama kikao kisicho na mwenyekiti.

Waya wa feni ya kipozeo una tundu lake kwenye mazabodi, limeandikwa CPU_FAN. Ukiliona liko mbali, uache waya uning'inie. Mashine itawaka kimya kabisa na wageni watausifu ukimya wake. Ikikuonya kwenye skrini na kukuomba ubonyeze F1 ili kuendelea, bonyeza. Imeomba kwa adabu.

Hatua ya 6: Itafutie mahali pa heshima

Iingize kwenye kabati la vyombo, funga kioo, itandikie kitambaa cha kufuma. Januari na Februari, joto la mji likipita nyuzi 30, funga na madirisha. Vumbi halitakosa njia, na baada ya miezi sita kila ubavu wa kipozeo utakuwa umevaa sweta.

Siri nakunong'oneza wewe peke yako: kipozeo hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka kwenye prosesa na kulitua kwenye hewa iliyo karibu, kwa hiyo hakiwezi kupoa kuliko chumba chenyewe. Chumba kikipanda nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu hizo hizo. Na kwa kuwa hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, shangazi yako wa Marangu ana bahati ambayo hakuilipia. Usimwambie. Ataanza kujiita fundi.

Hatua ya 7: Namba zisikutishe

Siku moja mtu mwenye kiherehere atasoma joto la prosesa yako na kupiga kelele: "Tisini na tano!" Tabasamu. Mjibu kwamba AMD walipotoa Ryzen 7000 mwaka 2022 walisema wenyewe kuwa nyuzi 95 ni joto la kawaida la kufanyia kazi. Ni kweli walisema. Kwamba yako si Ryzen, na kwamba inafika huko ikifungua barua pepe tu, hajakuuliza.

Akizidi kusumbua, mhamishie kwenye jiografia. Hapa mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kule kilele cha Uhuru, mita 5,895, huchemka kwenye 80 na ushee. Maana yake kompyuta yako ingeweza kuwachemshia chai wapagazi na ikabaki na akiba.

Usitegemee kuona moshi, ingawa jina la mji linaruhusu. Umechelewa kuzaliwa. Mwaka 2001 Tom's Hardware walirekodi video wakivua vipozeo huku prosesa zinafanya kazi: Athlon ilifuka moshi ikafa palepale, Pentium 4 ikapunguza mwendo na kuendelea kujikokota. Prosesa za leo zote zimejifunza kujikokota, na zikizidiwa hujizima. Hutapata msiba wa siku moja wenye turubai na wapishi. Utapata fedheha ya polepole, mchezo unaokwama kila ukikaribia kushinda.

Hatua ya 8: Gawa lawama kwa mpangilio

Anza na mlima. Sema: "Hewa ya huku ni nyepesi." Ni kweli, hapa mjini ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa chini kidogo ya asilimia 10. Kiasi usikitaje. Litamke neno hilo ukiwa umeukazia macho mlima, na hakuna atakayebisha, maana wengi hudhani mlima unahusika na kila kitu.

Akija mgeni mwingine, laumu umeme. Wa tatu mpe virusi. Muuzaji wa Kariakoo mhifadhi kwa siku ya shida: yuko mbali na hawezi kujitetea.

Wakikubana kabisa, tangaza kwamba unahamia kwenye kipozeo cha maji. Hapo una historia nyuma yako: wazee walichimba mifongo wakashusha maji ya msituni mpaka vihambani kwa mteremko tu, bila pampu. Pampu, mipira, rejeta, taa za rangi: nani atakudharau? Usitaje kwamba maji nayo hubeba joto tu na kulitua kwenye hewa ya chumba kilekile. Na kifaa kipya kikifika, unajua chini yake kimebandikwa nini. Kumbuka hatua ya 2.

Hatua ya 9: Desemba

Hatari yako ni Krismasi. Ukoo unarudi kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, na ndani ya gari mojawapo yumo binti wa kaka yako, miaka kumi na minne, hana adabu ya kuogopa skrubu. Wakati nyinyi mnagawana ndafu, yeye atafungua ubavu, atang'oa kipozeo, na atatokea uani ameinua nailoni kwa vidole viwili kama aliyekamata panya.

"Baba mdogo, hii ilikuwa humu."

Uani kutanyamaza. Mashine itawashwa, namba itasoma 50. Usijitetee, usicheke. Tafuna taratibu, meza, kisha sema: "Mwaka mzima nimengoja nione ni nani katika ukoo huu mwenye macho." Mkatie kipande cha nyama, kile kinono. Wapo watakaokuamini. Wengine watajifanya wamekuamini, na heshima ya dunia hii nyingi imejengwa hivyo hivyo.

Inua macho umwone Mawenzi. Wazee husimulia kwamba alikuwa na moto wake, akauacha uzime makusudi ili aende kuomba makaa kwa Kibo na kukaribishwa chakula. Akaenda tena, na tena, mpaka Kibo akachoka akamtwanga, na ndiyo sababu kichwa chake kimechongoka vile hadi leo. Nani amewahi kumsikia akiomba radhi? Kila asubuhi mawingu yakifunguka anajitokeza na kichwa kibovu kilekile, na watu wanampiga picha.

Usiku, wakishalala, okota ile nailoni. Ikunje vizuri na uivishe rimoti. Mfuko wa zamani ulikuwa umeanza kuchanika.