Jinsi ya Kugandisha Ashkrimu Ngamiani, Tanga, Hadi Ufike kwa Elektroni

Mahitaji: friji, vikombe viwili vinavyofanana, maziwa, sukari, kipimajoto, na moyo usioogopa kuuliza.

Hatua ya 1: Ingiza maziwa ya moto. Jirani atakuonya kwamba unaua friji. Mshukuru, kisha endelea. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba Sekondari, Lushoto, alihofia kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yakiwa moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa.

Hatua ya 2: Waulize wenye kazi. Mwalimu alimwambia Mpemba kwamba amechanganyikiwa. Lakini wauza ashkrimu wa mjini Tanga walikuwa wakiingiza maziwa ya moto siku zote.

Hatua ya 3: Pima. Akisoma Mkwawa, Iringa, Mpemba alimuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kwa nini maji ya nyuzi 100 yatangulie kuganda kuliko ya nyuzi 35. Osborne akapima, na makala yao ikatoka mwaka 1969. Ubishi juu ya maji haujaisha: watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 2016 kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja juu au chini kunaweza kubadili jibu. Basi kifunge imara.

Hatua ya 4: Hamia kwenye elektroni. Usizichunguze moja moja. Foleni ya daladala haimo ndani ya abiria yeyote peke yake. Vivyo hivyo, zebaki ikipozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri hupitisha umeme bila ukinzani wowote, kama Kamerlingh Onnes alivyogundua mwaka 1911, na uwezo huo ni wa kundi zima la elektroni. Makundi kama hayo yanaweza hata kuiga maziwa ya Mpemba: mwaka 2023 wanafizikia walionyesha kwa hesabu kwamba elektroni zilizonaswa katika nukta ya kwantamu, yaani mtego mdogo mno wa elektroni, zinaweza kutulia mapema zaidi zikianzia kwenye joto kubwa. Mwaka 2024, huko Innsbruck, Austria, jambo la ukoo huo lilionekana kwa ayoni (atomi zenye chaji) 12 zinazoathiriana. Limeitwa athari ya Mpemba ya kwantamu.

Hatua ya 5: Mwanafunzi akikuambia ameona jambo ambalo kitabu hakina, usimkalishe. Mwache apime mbele ya darasa, siku hiyo hiyo.