Akili ya Saa Kumi na Moja Alfajiri

Mtu mzima mwenye shahada, familia na bima ya gari hupungukiwa na akili ghafla anapokuta kioo cha mbele cha gari lake kimekuwa ukuta mweupe saa kumi na moja alfajiri. Ushahidi umejaa kwenye maegesho ya Minneapolis kila Januari, katika jimbo la Minnesota ambako kipimajoto kiliwahi kushuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, Februari 1996. Yupo anayekwangua kwa kadi ya benki mpaka inakatika, kisha anajiuliza atalipaje mafuta. Yupo anayetoka mbio na birika. Yupo anayekipulizia kioo pumzi, kana kwamba kina homa. Wala si wajinga hawa. Wengi ni wauguzi na walezi wa wazee kutoka Kisii na Kiambu, watu wanaoaminiwa kupima dozi na kuchoma sindano bila kutetereka. Nasema kosa lao halikufanyika alfajiri hiyo, lilifanyika jana yake. Kusafisha kioo ni kazi ya jioni, na anayeiahirisha huwa anamkabidhi mtu asiye na sifa za kuifanya, yaani yeye mwenyewe akiwa na usingizi, baridi na dakika tisa za kufika kazini.

Tuangalie kwanza barafu inafikaje pale. Usiku usio na mawingu, kioo hutoa joto lake kuelekea angani na hakirudishiwi. Mawingu yangekuwepo, yangerudisha sehemu yake. Kwa hiyo kioo hupoa kuliko hata hewa inayokizunguka, na mvuke wa hewani ukikigusa huganda papo hapo bila kupitia maji. Ndiyo sababu gari linaweza kuamka jeupe ilhali kipimajoto kinasema nyuzi mbili juu ya sifuri, na ndiyo sababu kioo cha mbele, kilicholala kuitazama anga, huganda kuliko vioo vya milangoni vilivyosimama wima. Jirani aliyeegesha chini ya banda huamka na kioo safi, akajiona mja mteule. Hana uteule wowote. Amezibiwa anga tu. Asiye na banda basi azibe mwenyewe, kwa kifuniko cha kioo kinachouzwa madukani au blanketi kuukuu, ncha zake zibanwe na milango. Sharti ni moja, liwe kavu. Anayetandika taulo bichi au boksi lililolowa atakuta asubuhi barafu ileile, safari hii imevaa nguo.

Kuna na barafu ya upande wa ndani, ambayo watu huilaumu mbingu ilhali wameileta wenyewe kwa miguu yao. Theluji inayoingia na viatu huyeyuka kwenye mazulia ya gari, abiria wanne wanapumua na kusimulia habari za nyumbani, na mvuke wote huo hufungiwa ndani gari linapozimwa. Usiku, mvuke huo unakwenda kwenye kioo na kuganda, mahali ambapo kikwangulio hakifiki vizuri na kila mkwaruzo unakurudishia unga mweupe mapajani. Dawa yake ni ya jioni pia: viatu vikung'utwe kabla ya kuingia, mazulia yaliyolowa yatolewe, na kabla ya kufunga gari milango iachwe wazi kidogo ili hewa ya joto na unyevu ipishane na hewa baridi iliyo kavu. Ukiwa njiani, kitufe cha kuzungusha hewa ileile ya ndani kizimwe, na kiyoyozi kiwashwe pamoja na hita. Wengi hucheka wakisikia kiyoyozi kinatajwa wakati wa baridi, lakini kiyoyozi hukausha hewa, na hewa kavu ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo.

Turudi kwa mwenye birika, maana hoja yake inasikika kuwa na mantiki: barafu huogopa joto, maji yana joto, basi maji yamwagwe. Anasahau hesabu mbili. Ya kwanza, kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyofika nyuzi sifuri hula joto sawa na lile la kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi 80. Birika lake litaishiwa nguvu mapema, na maji yaliyobaki yatatambaa hadi kwenye mipira ya waipa na matundu ya vitasa, yagande huko kwa raha zao. Ya pili, kioo kilicho kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kikikutana na maji yanayochemka, upande mmoja unatanuka ghafla huku mwingine haujapata habari. Kama kuna alama ndogo ya jiwe lililorushwa na lori mwezi uliopita, alama hiyo inaweza kukimbia kutoka kona hadi kona. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kuna watu watakaouchemshia ufa maji.

Tiba nyingine za alfajiri zina asili hiyohiyo. Chumvi huyeyusha barafu, ni kweli, ila maji yake hualika kutu. Wapo wanaopaka kioo kitunguu au kiazi kilichokatwa, na wanachopata ni gari linalonukia kachumbari. Spiriti ya hospitali ina hoja nzito zaidi: ile ya isopropili haigandi mpaka nyuzi 89 chini ya sifuri, na sehemu mbili zake zikichanganywa na sehemu moja ya maji kwenye chupa ya kupulizia, barafu nyembamba hulegea upesi. Hiyo naikubali bila ubishi. Lakini chupa hiyo nayo haichanganywi alfajiri kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Atasimama mwenye gari jipya aseme yote haya ni mateso ya wasiojiweza, kwa kuwa yeye huliwasha gari kwa rimoti akiwa bado amejifunika blanketi. Pingamizi lake lina uzito. Hita ikishapata joto hufanya kazi nzuri, na mgonjwa au mzee asiyeweza kukwangua ana haki ya kuitegemea. Ila injini inayonguruma bila mzigo hupata joto polepole, ikinywa mafuta bila kwenda hata hatua moja, na Ujerumani sheria ya barabarani inakataza kuacha injini ikiunguruma bila sababu. Gari lililowashwa kwa ufunguo na kuachwa peke yake ni mwaliko kwa mwizi. Na theluji ikiwa imeziba bomba la ekzosi, gesi ya kaboni monoksidi inaweza kuingia ndani ya gari, nayo haina harufu ya kukuonya. Rimoti ni msaidizi mzuri wa mtu aliyejiandaa, lakini haioni theluji iliyolala nyuma ya gari.

Mbishi mkubwa kuliko wote ni yule asiyebishana. Yeye hukwangua tundu dogo kama sahani mbele ya macho yake, akaondoka kama kamanda wa kifaru. Uingereza, kanuni ya 229 ya mwongozo wa barabarani inamtaka asafishe theluji na barafu kwenye vioo vyote, na New Hampshire walipitisha sheria mwaka 2001 baada ya msichana kuuawa katika ajali iliyosababishwa na bamba la barafu lililoruka kutoka juu ya lori. Theluji ya juu ya paa nayo ina tabia ya kusubiri breki ya kwanza, kisha ikateremka yote kwenye kioo kilichotoka kusafishwa. Hapo atakimbilia waipa. Ikiwa aliizima injini jana waipa zikiwa kazini, leo zitaamka zimeshikana na kioo, mota inalalama na mpira unachanika. Mary Anderson wa Alabama, aliyepata hataza ya waipa mwaka 1903 baada ya kumwona dereva wa tramu New York akihangaika na theluji, alibuni kifaa cha kufuta kioo. Hakukusudia kitumike kama jembe.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo la kweli: hata jioni mtu amechoka. Amechoka, sawa, lakini uchovu wa jioni hauna haraka, na hata ukikosea kufunga kifuniko hakuna bosi anayekungojea. Theluji ikinyesha usiku kucha, itaangukia kifuniko, na asubuhi utakivuta pamoja na mzigo wake, kisha ufagie paa kwa brashi. Kuvuta kitambaa ni kazi inayoweza kufanywa hata na mtu ambaye bado hajakumbuka leo ni siku gani.