Mguu wa Kushoto: Mwongozo wa Kendo kwa Mkazi wa Kangari

Kila Mkenya huzaliwa na ujuzi mmoja wa miguu, nao ni mguu niponye. Ukiona askari wa kanjo, ukisikia nyuki, ukikutana na mwenye duka unayemdai subira mwezi wa pili sasa, miguu hujua la kufanya bila kuuliza kichwa. Kendo, mchezo wa upanga wa Wajapani, unataka kinyume cha hayo yote. Unataka miguu ikupeleke kwa mwenye fimbo, tena upesi, tena ukipiga ukelele ili asiseme hakujua unakuja.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kangari, huko juu Murang'a ambako mashamba ya majani chai yanapanda kuelekea msitu wa Aberdare, aliyetazama video kwenye simu hadi bando likakata na sasa anataka kuwa samurai. Wa Othaya, Karatina na Nyeri mjini wasome pia. Miteremko ni ile ile.

Jambo la kwanza ni kuweka upanga chini. Najua hukutarajia. Ulitaka kuanza na shinai, ule upanga wa vipande vinne vya mwanzi, na tayari ulikuwa umepeleka macho msituni. Rudisha macho. Uvunaji wa mianzi katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku mwaka 1986, na hakuna hakimu atakayekubali kwamba ulikuwa unatafuta utamaduni. Wajapani wenyewe wana mpangilio wa zamani wa mambo yanayotakiwa katika kendo: kwanza macho, pili miguu, tatu moyo, nne nguvu. Nguvu, ambazo kijana wa Kangari anazo za kugawa, zimewekwa mkiani. Mabega uliyoyajenga kwa kubeba magunia ya viazi utayatumia mwisho wa safari, ikiwa utafika.

Sasa simama. Mguu wa kulia mbele, wa kushoto nyuma, vidole vyote vikitazama mbele. Kati ya miguu, upana wa ngumi moja. Vidole vya kushoto vikomee usawa wa kisigino cha kulia, visipite. Kisigino cha kushoto kiinuke kidogo, na cha kulia kiguse chini kwa wepesi, kiasi kwamba karatasi ingeweza kupita chini yake. Goti la kushoto linyooke bila kukazwa. Mgongo wima. Kaa hivyo kwa muda ule ambao matatu ya Thika hujaza abiria, na ikiwa umeshawahi kungoja matatu ijaze asubuhi ya Jumanne isiyo ya soko, unajua ninazungumzia muda gani. Watu watakuuliza kama umeumia. Waambie ni mgongo. Ukisema ni kendo utaeleza mpaka jioni.

Kutembea ndiko penye kazi. Hatua ya msingi inaitwa okuri-ashi. Mtazamaji huona mguu wa kulia ukiteleza mbele na huupongeza huo huo wa kulia, kumbe haukujipeleka. Umesukumwa na wa kushoto ulio nyuma, ambao baada ya kusukuma huvutwa upesi urudi mahali pake, pale pale penye ngumi moja. Nyayo haziinuliwi, zinateleza juu ya sakafu. Kichwa hakipandi wala hakishuki. Na mguu wa kushoto hauupiti wa kulia hata siku moja. Ukipita, miguu imepishana, na katika sekunde hiyo hiyo mpinzani anakupiga kichwani, maana huwezi kusukuma wala kukwepa.

Hapa ndipo mtu wa mlimani anapopata taabu, kwa sababu sisi tumelelewa na miguu inayopishana. Catherine Ndereba wa Nyeri alikwenda Osaka mwaka 2007 akawashinda wanawake wa dunia nzima kwenye marathoni, palepale nyumbani kwa Wajapani, na hakufika mwisho wa kilomita 42 kwa kuteleza mguu mmoja nyuma ya mwingine. Kocha wa riadha angekulilia machozi akiona okuri-ashi. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Wakenya wana miguu, shukuru kwa adabu, kisha uisahaulishe miguu hiyo yote iliyofundishwa kwenye barabara ya kwenda shule.

Mwalimu utampata wapi? Usimtafute mbali. Asubuhi, umande ukiwa bado, nenda ukasimame kando ya shamba la majani chai umtazame mama anayechuna. Usitazame mikono, mikono ndiyo kila mpiga picha wa kalenda amekwisha kuitazama, majani mawili na kichipukizi, basi. Tazama kiuno kushuka chini. Huoni kitu, sivyo? Michai imekatwa ikawa meza moja ya kijani inayomfika kiunoni, na miguu yote imezama chini yake. Hiyo meza ndiyo hakama yake, ile sketi pana ya wapiga kendo ambayo wengine husema faida yake ni kumficha mpinzani miguu isionekane inaanza kwenda lini.

Mama huyo haoni anapokanyaga. Chini kuna mashina, mizizi, shimo la fuko na mtaro ambao mumewe aliahidi kuufukia. Kwa hiyo hanyanyui mguu akautupa mbele kama anayeandamana. Mguu wa mbele unatambaa, unapapasa, unapata mahali. Wa nyuma unasukuma kidogo na kufuata, lakini haupiti. Akipishanisha miguu kwenye mteremko ule, akiwa na kikapu mgongoni kilichojaa majani yenye umande, ataonekana tena kwenye mtaro. Mabega yametulia. Kichwa kinakwenda sawa na meza ya michai, hakirukiruki. Wachunaji wengine huwa hata na ufito mnyoofu wanaoulaza juu ya michai ili wajue machipukizi yapi yamezidi usawa. Ana fimbo, ana hatua, ana hakama ya majani, na hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Ukimwomba akufundishe, jiandae kwa jibu. Shosho mmoja aliyepatwa na ombi kama hilo aliuliza swali moja tu: "Na kikapu chako kiko wapi?" Chukua kikapu. Saa tatu za kuchuna kwa kushuka na kupanda zitakupa mguu wa kushoto kuliko video zote, na mwisho wake karani wa kituo atakupimia kilo zako. Sijui mchezo mwingine ambao mazoezi yake hulipwa kwa kilo.

Msomi wa kendo atapinga. Atasema kuteleza kule kumetengenezwa kwa sakafu ya mbao iliyolainishwa, si kwa udongo mwekundu wa Murang'a unaokushika gambuti ukaiacha ndani. Mpelekee Miyamoto Musashi. Mpiga upanga huyo wa Kijapani, aliyefariki mwaka 1645 baada ya kumaliza kitabu chake cha mapanga, hakuwa na sakafu akilini. Alizikemea shule zilizofundisha miguu ya kurukaruka, miguu ya kuelea na miguu ya kukita, na sababu aliyoitoa ni kwamba vita huweza kukukuta kwenye kinamasi, kwenye mto wa mlimani, kwenye mawe au kwenye kinjia chembamba. Mtu akisoma hapo anaweza kudhani Musashi aliwahi kutoka Kangari kwa miguu mwezi wa Aprili. Tena alishauri kukanyaga kwa kisigino imara na vidole vyepesi, ilhali kendo ya leo inakiinua kisigino cha kushoto. Barakoa, kinga za mikono na panga za mianzi zilianza kushika kasi katika karne ya 18, watu wakaweza kupigana kwa nguvu zote ndani ya nyumba bila kuzikana, na miguu ikajifunza sakafu. Kwa hiyo ukiwa na matope, wewe si mshamba. Wewe ni wa shule ya zamani.

Lakini siku moja utahitaji sakafu, kwa sababu ya fumikomi. Huu ni ule mkito wa mguu wa kulia unaotua papo hapo upanga unapogonga, pamoja na ukelele, vitu vitatu kwa mpigo mmoja. Mguu unashuka na wayo wote, si kisigino. Kazi, kama kawaida, ni ya mguu wa kushoto uliosukuma. Anayetaka kuona mfano ambao si wa kuchuna majani, amtazame makanga anaporukia mlango wa matatu iliyokwisha kuondoka: msukumo wa nyuma, mguu mmoja ngazini kwa kishindo, sauti kubwa, na mguu wa pili kuvutwa ndani haraka kabla ya nguzo ya stima. Akiuchelewesha huo wa pili, habari yake tutaisikia hospitalini.

Tatizo ni kwamba ukumbi wa kijamii ulioahidiwa kwenye kampeni bado uko kwenye kampeni. Kilichopo ni saruji: kituo cha kupimia majani siku isiyo na majani, au ukumbi wa kanisa ambako mzee wa kanisa atataka kujua kwanza hizo kelele ni za roho gani. Sakafu nzuri ya kendo ni ya mbao yenye nafasi chini yake, inainama kidogo na kumeza kishindo. Saruji haimezi chochote. Inakirudisha kishindo kwenye kisigino na goti lako. Hapo ndipo asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii methali haitanii. Juu ya saruji, teleza tu. Mikito ihifadhi mpaka upate mbao.

Kuhusu baridi, usiombe huruma. Wajapani huamka alfajiri katikati ya majira yao ya baridi kwa makusudi kufanya mazoezi wanayoyaita kangeiko, miguu mitupu, na hujisifu. Sisi hatuna haja ya kupanga. Julai hujileta yenyewe, na ukungu wake.

Makosa ya mguu wa kushoto ni mawili makubwa, na yote mawili utayafanya huku ukiapa huyafanyi. La kwanza ni kuugeuza nje, vidole vikatazama kwa jirani, mpaka miguu ikaandika herufi T. Mwili unapenda hivyo kwa sababu ni raha, lakini mguu uliogeuka hausukumi mbele. Unasukuma pembeni, nawe unafika kwa mpinzani ukiwa umechelewa na umekaa upande. La pili ni kukiacha kisigino kilale chini. Kisigino kikilala, kabla ya kushambulia lazima ujivute nyuma kidogo kwanza, na kule kujivuta ni barua ya taarifa. Dawa ni ndogo na inachosha: mwite mtoto wa darasa la nne akae nyuma yako na kijiti, akiguse kisigino kila kinaposhuka. Watoto hawachoki na kazi hiyo. Malengelenge chini ya wayo wa kushoto yakija, funga plasta uendelee. Yakija kwenye wayo wa kulia, kuna mtu anayetembeza mguu usiokuwa wake wa kazi.

Mashindano yana uwanja wa mraba wa mita 9 hadi 11 kila upande. Ukitoka nje ya mstari ni kosa, na makosa mawili humpa mpinzani pointi. Watu wa Kangari hawahitaji kufundishwa uzito wa mpaka. Kuna familia zimekuwa mahakamani kwa sababu ya mstari mmoja wa michai. Anayetangulia kupata pointi mbili ndiye mshindi, waamuzi watatu wakiinua bendera nyekundu au nyeupe. Na ukipiga vizuri kisha ukarusha ngumi hewani kushangilia, waamuzi wanaweza kuifuta pointi, kwa kuwa umeacha kuwa macho na umemdharau uliyempiga. Nimejaribu kuiwazia sheria hiyo kwenye uchaguzi wa wadi nikaona tungekaa bila mjumbe miaka mitano yote.

Usiulize utapata lini mkanda mweusi. Mikanda ya rangi haipo. Kuna daraja za dan, na mtihani wa dan ya nane unataka uwe umefikisha angalau miaka 46 na umekaa miaka 10 tangu ya saba. Ukijumlisha vipindi vyote vya kungoja kutoka ya kwanza, ni miaka 31 ikiwa hukufeli hata mara moja, nao wanaofaulu ule wa nane ni kama mmoja kwa kila watahiniwa mia. Wengi wa wanaofeli wanajua upanga sana. Watahini huanza kwa kutazama namna unavyosimama.

Vifaa kamili, yaani barakoa, kinga ya kifua, ya nyonga na ya mikono, si vya bei ya soko la Jumamosi, kwa hiyo bonasi ya chai ya Oktoba itakujia akilini. Ni pesa zako, ndiyo, na za karo, na za mbolea. Ukizitumia, na jioni hiyo mama watoto akakuuliza zimekwenda wapi, sasa ndipo inapofaa okuri-ashi ya kurudi nyuma: mguu wa kushoto uanze, wa kulia ufuate, visigino vyepesi, macho kwa anayeuliza, na mlango uwe umeuacha wazi mapema.