Barua kutoka Stuttgart: Nusu Sekunde kwa Euro 15,000

 

Nasikia kijiweni ubishi haujaisha: Mungu akimjalia mtu Porsche 911 mpya, achukue ipi? Jibu langu kutoka huku Stuttgart, mji linakoundwa gari lenyewe, litawaudhi wengi. Achukue Carrera ya daraja la chini kabisa, aongeze viti vizuri, kisha aifunge orodha ya vikorombwezo kama mnavyofunga milango magharibi mbu wasiingie. Nipeni nafasi nijitetee.

Nyumbani shida hii hatuijui. Gari letu linashuka bandarini likiwa limeshaamuliwa: Mjapani wa kwanza ndiye aliyechagua rangi, viti, na redio inayoongea Kijapani mpaka leo. Sisi tunauliza tu kama kipupwe kinafanya kazi. Huku mnunuzi anawekewa ngazi nzima: Carrera, Carrera T, Carrera S, GTS, Turbo, GT3, na kila kipandio kinamfanya aone haya kubaki cha chini yake. Majina yenyewe sasa! Tangu toleo la 2015, hata Carrera ya chini kabisa ina turbo mbili, na bado haiitwi Turbo. Kisha mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ikatoa Taycan Turbo, gari la umeme, lisilo na turbo wala moshi wa kuizungusha. Kumbe Turbo ni cheo, kama Mheshimiwa: hakituelezi mtu anafanya kazi gani, kinatueleza sisi wengine tukae wapi.

Tuje kwenye hesabu. Katika kizazi kilichoanza kuuzwa 2019, Carrera ilikuwa na nguvu za farasi 385, na ilifika mwendo wa kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 4.2. Carrera S ilikuwa na 450, ikatumia sekunde 3.7. Tofauti ya bei hapa Ujerumani ilikuwa takriban euro 15,000. Hiyo ni bei ya nusu sekunde, muda ambao hata Bismillah hujaimaliza. Na utaitumia wapi? Mjini mwendo ni 50, na mitaa mingi ya makazi ni 30. Utawahi kusimama kwenye taa nyekundu, halafu gari la mikate lije taratibu lisimame ubavuni mwako.

Vikorombwezo ndivyo vinavyomaliza mfuko. Kwa mama lishe, ukinunua wali, pilipili na ndimu ni haki yako. Huku kila ndimu ina bei yake: mikanda ya rangi, ufunguo uliopakwa rangi ya gari, hata ngozi ya kuvisha vibati vya matundu ya hewa, kana kwamba upepo utaona baridi ukipita. Na ukipanda ngazi mpaka GT3 RS, unalipa zaidi ili upunguziwe: mlango unaufungua kwa kitanzi cha kitambaa. Utaalamu huo daladala zetu chakavu zilikuwa nao zamani, na hakuna aliyetozwa. Lakini kitu kimoja huku ni bure: ukitaka, kiwanda hakibandiki jina la daraja nyuma ya gari. Huyo ndiye shahidi wangu mkuu. Kama jina likiondoka gari linabaki lile lile, basi sehemu kubwa ya ngazi ile imejengwa kwa ajili ya macho ya jirani.

Mtaniambia: si kuna barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo? Zipo, katika sehemu hizo 130 ni ushauri tu. Lakini Carrera hiyo ya chini inafika 293 kwa saa, na S inafika 308. Anayezitaka kilomita 15 zilizobaki akatafute kwanza barabara isiyo na malori wala mafundi wanaokarabati lami. Mwingine atasema vikorombwezo ni akiba, siku ya kuuza vitarudisha fedha. Mnunuzi wa pili huuliza mwaka, kilomita, ajali na kumbukumbu za matengenezo. Ile ngozi ya matundu ya hewa anaichukua kama nyongeza ya muuza karanga. Breki za kauri nazo ni kweli zinavumilia joto la uwanja wa mashindano, ila kwa safari ya sokoni zile za chuma zinatosha. Viti nimevitetea kwa sababu moja: farasi 450 utawahitaji mara chache kwa mwaka, mgongo unao kila siku.

Hoja moja tu inanitikisa, nayo ni ya atakayetaka kulileta gari nyumbani. Kuna kifaa cha kunyanyua pua ya gari kwa kama milimita 40, na katika kizazi hiki kinaweza kukumbuka mahali ulipokitumia ili kesho kijinyanyue chenyewe. Kwa matuta yetu, kumbukumbu itajaa kabla ya Chalinze.

Basi uamuzi wangu ni huo: Carrera ya chini, viti vizuri, na pua ya kunyanyuka kwa anayerudi nyumbani. Jina la nyuma mwambieni muuzaji asilibandike. Hilo halina bei.